Mapishi ya Idi ya kwetu Tanga: maswali mnayoniuliza kila mwezi ukikaribia kuandama

Kila mwaka likiingia kumi la mwisho la Ramadhani simu yangu haipumziki. Wadogo zangu walioolewa Dar na Mwanza, wapwa zangu walioko vyuoni, shoga zangu wa hapahapa Ngamiani ambao mama zao walikuwa wapishi wa kusifika ila wao hawakubahatika kukaa nao jikoni, wote wananiuliza maswali yaleyale na mi nawajibu huku mkono mmoja uko kwenye unga. Mwaka huu nimeona niyaandike yote sehemu moja. Nimejibu kama navyojibu kwenye simu, kwaiyo pengine ntarefuka na pengine ntakatisha, mniwie radhi.

Chakula chenyewe cha Idi ni kipi hasa, pilau au biriani?

Watu wakisema Idi wanawaza sahani ya mchana tu, ila kwetu siku inaanza kuliwa mapema. Idi el Fitri unakula tende kabla hujaenda kuswali, moja au tatu au tano, isiwe shufwa. Watu wakirudi kwenye swala ndo kawa linafunuliwa: tambi za sukari zilizopikwa kwa nazi na zabibu, mkate wa sinia, mahamri, vitumbua, mbaazi za nazi kwa wasiotaka vitamu asubuhi, na chai ya maziwa yenye iliki. Nyumba nyingine wanaweka mkate wa ajemi na mchuzi wa maini. Mchana ndo pilau au biriani, na kachumbari, na achari, na ndizi mbivu pembeni. Jioni wageni wanaozunguka kutoa mkono wa Idi wanapewa visheti, vileja, kaimati, halua na kahawa chungu. Usiku mi nakuwa nishaichoka nyama, napika wali wa nazi na samaki.

Sasa pilau au biriani? Kwetu nyumbani Idi ndogo ni pilau na Idi ya kuchinja ni biriani, kwa sababu siku ile nyama ipo ya kutosha na vijana wapo wa kutusaidia kukaanga vitunguu. Hiyo ni desturi ya nyumba yetu, jirani yangu anafanya kinyume na hajakosea.

Nianze maandalizi lini wakati hatujui mwezi utaandama lini?

Hili ndo swali la maana kuliko yote na wengi hawaliulizi mpaka washachelewa. Mwezi unaweza kuandama tarehe 29 au mkatimiza 30, na tangazo linaweza kuja saa tatu saa nne ya usiku, sasa we kama ulikuwa unasubiri tangazo ndo uende sokoni utakuta Mgandini hapapitiki, nazi zimebaki zile ukitikisa hazina maji, na kuku washapanda bei.

Cha kufanya ni kupanga kazi zako zisitegemee tarehe. Viungo nanunua katikati ya mwezi, na hapa Tanga tuna bahati kwenye hilo maana iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga zinalimwa hukohuko Amani juu ya Muheza, zinashuka mjini zikiwa na harufu yake. Wiki moja kabla napika visheti na vileja, nikishavipoza kabisa navifungia kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, vinakaa mpaka Idi iishe havijaharibika, ila ukivifunika vikiwa na joto vitalainika na kazi yote imepotea. Siku mbili kabla nakaanga vitunguu vya biriani mpaka vikauke, nasaga tangawizi na kitunguu swaumu pamoja na chumvi na mafuta kidogo naweka friji. Tarehe 29 mchana naloweka mchele wa mkate wa sinia. Mwezi usipoandama mkate unaliwa futari, kesho naloweka mwingine, hakuna kilichoharibika. Nyama ndo peke yake nasubiri, na hata hiyo namwambia wa bucha tangu mapema anitolee fungu langu, kilo ngapi na sehemu gani, niikute asubuhi imeshatengwa.

Usiku wa kuamkia Idi kazi inayobaki ni kukuna nazi na kukanda unga wa mahamri. Ukiwa umejipanga hivi asubuhi hata kwenye swala unakwenda, huku watu wengine wanaisikia takbira wakiwa wameinamia sufuria, na mi hilo linaniuma sana kwa sababu na sisi wanawake Idi ni yetu.

Pilau yangu inatoka nyeupe kama wali wa kawaida, nimekosea wapi?

Vitunguu mwanangu. Rangi ya pilau haitoki kwenye viungo wala kwenye kipakti cha rangi, inatoka kwenye vitunguu na supu ya nyama.

Kwa kilo 1 ya mchele na kilo 1 ya nyama yenye mifupa mi natumia vitunguu maji vinne vikubwa, nimekata vyembamba na vinalingana, mafuta kama robo lita (nyama ikiwa imenona punguza), viazi nusu kilo, kitunguu swaumu kichwa kizima, tangawizi mbichi ya ukubwa wa kidole gumba, binzari nyembamba vijiko viwili vya chakula, pilipili manga kijiko kimoja cha chai, iliki punje kumi, karafuu nane, mdalasini vijiti viwili. Nyama naichemsha kwanza na chumvi na nusu ya tangawizi na kitunguu swaumu mpaka ikaribie kuiva, na ile supu simwagi hata tone.

Alafu sasa vitunguu. Mafuta yakishapata moto tia vitunguu na usiondoke hapo, simu weka mbali. Vitalainika, alafu vitakuwa vya dhahabu, na hapo ndo watu wengi wanatia nyama. Bado! Endelea kukoroga mpaka viwe kahawia iliyokolea kama kifuu cha nazi. Kutoka hapo mpaka kuungua ni muda mfupi sana, na vikiungua pilau yote inakuwa chungu na hakuna dawa, kwaiyo kabla hujaanza weka kikombe cha maji karibu yako, vikifika tu ile rangi nyunyizia maji vijiko viwili vitatu, vitapiga kelele, vitaacha kuiva na rangi yote itajimwaga kwenye mafuta. Tia kitunguu swaumu na tangawizi iliyobaki, tia viungo, nyama, viazi, kaanga kidogo vishikane, mimina supu. Ikichemka onja, chumvi iwe imezidi kidogo maana mchele utaivuta. Ndo unatia mchele uliokwisha kuulowesha nusu saa na kuuchuja.

Kwa mkaa, maji yakishakauka juu unapunguza moto wa chini na kupalia makaa juu ya mfuniko. Kwa gesi funika na foili alafu mfuniko juu yake, chini ya sufuria weka kikaango kikuukuu ili moto usiguse moja kwa moja, dakika 20 hivi.

Maji kiasi gani?

Mchele wa kwetu uliolowekwa, kikombe kimoja kwa kikombe kimoja na nusu cha supu. Mchele mpya unataka maji pungufu, mchele wa siku nyingi unataka zaidi. Pima kwa kikombe, acha habari ya kupima kwa kidole mpaka utakapolijua sufuria lako.

Naweza kutumia pilau masala ya dukani?

Unaweza, na pilau italiwa. Ila ile ya pakti ishasagwa muda na harufu yake imeshapungua, ndo maana mtu anatia vijiko vitano na bado haisikii. Ukiwa na kinu kidogo twanga mwenyewe binzari nyembamba na pilipili manga dakika ileile unayopika, hivo viwili tu, vingine tia vizima. Nakuapia mwanangu utaona tofauti tangu kwenye mlango wa jiko.

Biriani na pilau tofauti yake hasa nini, mbona viungo ni vilevile?

Pilau mchele na nyama vinaiva pamoja kwenye supu moja. Biriani unapika masala peke yake na wali peke yake, vinakutana mwishoni. Nyama ya biriani inalala kwenye mtindi, tangawizi, kitunguu swaumu na ndimu, alafu inapikwa na nyanya na vile vitunguu ulivyokaanga vikakauka ukavivunja kwa mkono mpaka mchuzi uwe mzito unaganda kwenye mwiko. Viazi vinakaangwa pembeni. Wali unachemshwa kwenye maji mengi yenye chumvi na iliki mpaka ubaki na kiini kigumu kidogo, unachujwa, unanyunyiziwa samli na zafarani iliyolowekwa kwenye maji ya moto, alafu unafunikwa na moto wa juu. Wakati wa kupakua wali chini masala juu, au kinyume chake, kila nyumba na yake.

Kama nyama ni ngumu tia papai bichi lililosagwa, kijiko kimoja cha chakula kwa kilo, lisaa limoja au mawili tu. Mdogo wangu aliliacha usiku kucha na asubuhi alikuta nyama imekuwa kama uji, watu wazima wamealikwa na nyama nyingine hakuna. Papai bichi lina nguvu, liheshimuni.

Tui langu linakatika kila nikipika mchuzi, kwanini?

Tuanzie kwenye nazi yenyewe. Unataka nazi iliyokomaa, nzito mkononi, ukiitikisa maji yanacheza ndani. Ikiwa kimya kabisa iache. Ukipewa koroma, ile ambayo si dafu tena na nazi haijawa, utakuna mpaka mkono uume na tui litatoka jepesi halina mafuta. Nazi nyingi zinazokuja hapa mjini zinatoka Pangani na nikizipata za huko nafurahi maana zina nyama nene.

Ikune nazi kwenye mbuzi, simama kabla hujafika kwenye ganda la ndani lile la kahawia kwa sababu linatia rangi. Tia maji ya vuguvugu kidogo tu, kikombe kimoja kwa nazi mbili, fikicha kwa mkono, kamua kwenye kifumbu au kitambaa safi. Hilo ndo tui zito, liweke pembeni. Rudia chicha ileile na maji mengi zaidi, hilo ndo tui jepesi.

Sasa siri yake, na mi siri hainifai kitu ikikaa kwangu peke yangu: tui jepesi ndo linapikiwa, tui zito ndo linamalizia. Chemsha mboga yako au samaki wako kwenye lile jepesi mpaka viive, alafu ndo utie zito, moto uwe mdogo, na kuanzia hapo koroga taratibu upande mmoja, usifunike, likianza kutokota mara moja mbili epua. Tui linakatika kwa moto mkali, kwa kuachwa bila kukorogwa, na kwa kutiwa ndimu au ukwaju likiwa linachemka kwa nguvu. Ndimu tia ukishaepua.

Wali wa nazi nao hivohivo, kilo moja nazi mbili. Mchele unaanza na tui jepesi na chumvi, likikaribia kukauka unamwagia zito juu, unageuza mara moja kwa mwiko, unafunika na kupalia makaa.

Blenda? Tui la pakti?

Blenda sawa, katakata nazi vipande vidogo, saga na maji ya vuguvugu, chuja, tui linatoka zuri tu, kwa mtu mwenye kazi na watoto mi namshauri kabisa. La pakti kwa aliye mbali na nazi ni afadhali kuliko kukosa, liongeze maji maana ni zito mno.

Mkate wa sinia haujaumuka, au umeumuka alafu umenywea. Nisaidie.

Huu mkate, wengine wanauita wa kumimina, ni mchele na nazi na hamira basi, hauna unga wa ngano wa kukusaidia kushika, kwaiyo unataka subira. Loweka vikombe viwili vya mchele usiku mzima. Asubuhi uchuje, usage na kikombe kimoja cha tui zito mpaka ukiusugua kati ya vidole usisikie punje, blenda isipochoka we pumzisha uendelee tena. Tia hamira kijiko kimoja cha chai, iliki uliyotwanga. Funika, weka sehemu yenye joto. Kwa joto letu la Tanga lisaa limoja linatosha, wa Lushoto itabidi msubiri zaidi.

Ukishaona mapovu juu ndo unatia sukari, nusu kikombe au zaidi kidogo, na ute wa yai moja uliopigwa mpaka ukawa povu. Koroga kwa upole. Usingoje tena, mimina kwenye sufuria pana uliyoipaka mafuta na kuipasha moto, na sufuria iwe ya moto kweli maana ikiwa baridi mkate unashika chini na juu unabaki mbichi. Moto mdogo chini, na baada ya dakika chache ukiona vitundu vimetokea juu funika na upalie makaa ya kutosha juu mpaka uwe wa dhahabu. Mwenye oveni atie kwenye oveni.

Ukinywea maana yake uliuacha ukaumuka kupita kiasi. Ukitoka mgumu kama tofali maana yake mchele haukusagika au tui lilikuwa jepesi. Na ukitoka vizuri, ukaukata ukaona vile vitundu ndani kama sega la nyuki, basi mpigie mama yako simu umwambie, atafurahi.

Kaimati zangu zinanyonya mafuta.

Mafuta hayajapata moto, au unga ni mwepesi mno. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kijiko cha chai cha hamira, vijiko viwili vya mtindi, maji ya vuguvugu mpaka unga uwe mzito wa kuvutika, upige kwa mkono kwa nguvu dakika kumi nzima, hapo ndo wepesi wa kaimati unapotoka. Ukiumuka chotachota kwa mkono tia kwenye mafuta na uzigeuze muda wote ziwe rangi moja. Shira yake sukari vikombe viwili maji kikombe kimoja na iliki, ichemke mpaka ivutike kati ya vidole. Kaimati ziwe za moto na shira iwe imepoa kidogo, zigeuze humo mpaka zishike, zitakaa na ule ukavu wa nje mpaka jioni.

Bokoboko bado linapikwa jamani?

Linapikwa, ila linapungua, na hili naliandika kwa uchungu. Nikiwa mdogo asubuhi ya Idi lazima bakuli la bokoboko lije kutoka nyumba moja au nyingine ya mtaa, sahivi naweza kuhesabu nyumba ninazozijua zinazolipika na vidole vinabaki. Watu wanasema ni kazi. Kweli ni kazi, lakini ni kazi ya moto zaidi kuliko ya mtu.

Ngano nzima iliyokobolewa nusu kilo, ilowekwe usiku kucha. Asubuhi tia kwenye sufuria kubwa na nyama ya kidari au kuku wa kienyeji, kama kilo moja, mdalasini, chumvi na maji mengi. Moto mdogo, masaa matatu mpaka manne, unaongeza maji yakipungua. Toa mifupa. Alafu ndo shughuli yenyewe, unalipiga kwa mwiko mkubwa, unalivuta na kulipiga mpaka nyama iwe nyuzinyuzi zisizoonekana na ngano iwe laini inavutika. Zamani walikuwa wanapokezana wawili watatu, na mazungumzo ya mwaka mzima yalikuwa yanazungumzwa hapo. Likishaiva unalipakua kwenye sinia, unafanya shimo katikati unatia samli ya moto na vitunguu vya kukaanga juu. Wengine wanalila na sukari pembeni. Mwenye presha kuka ngano na nyama vitaiva ndani ya lisaa limoja hivi, kupiga utapiga mwenyewe.

Naomba kila anayesoma hapa alipike mara moja tu mwaka huu, hata nusu ya kipimo. Watoto wakilionja wataliomba tena.

Idi ya kuchinja nyama inakuwa nyingi, nifanyeje?

Kwanza haki yake. Mnyama anachinjwa baada ya swala, kuanzia tarehe 10 ya Mfunguo Tatu, yaani Dhulhija, mpaka 13, mbuzi awe ametimiza mwaka, ng'ombe miaka miwili na watu saba wanaweza kushirikiana. Nyama inagawiwa, wengi tunafanya mafungu matatu, la nyumbani, la ndugu na majirani, la wasio nacho. Na fungu la wasio nacho lisiwe la mifupa na utumbo tu, nimeona watu wanafanya hivo na siyo vizuri.

Nyama iliyochinjwa asubuhi ukiipika palepale inakuwa ngumu, haijatulia. Siku hiyo kula maini na figo, zinaiva kwa dakika chache na vitunguu na ndimu na pilipili manga, na kichwa na miguu vichemke supu. Nyama yenyewe iache masaa kadhaa sehemu ya baridi ndo uipike biriani jioni au kesho yake. Kama friji ni dogo, ikate vipande, chemsha na chumvi na tangawizi mpaka maji yakauke, itakaa mpaka kesho ukiipasha vizuri asubuhi na jioni.

Na samaki? Sisi hatuli nyama nyumbani.

Tena Tanga ukose samaki! Nenda Deep Sea asubuhi vyombo vinapoingia, chukua changu mzima au kolekole au vipande vya nguru. Changu mchane michirizi ubavuni, mpake chumvi, ndimu, kitunguu swaumu, tangawizi na pilipili, mwache nusu saa, mchome kwenye mkaa usio na moshi. Huku tui zito la nazi mbili linachemka taratibu na manjano kidogo, nyanya moja iliyosagwa, kitunguu swaumu na pilipili mbichi mpaka liwe zito kama mtindi, maji ya ukwaju utie mwishoni. Unampaka tui upande mmoja, unamgeuza, unampaka tena, mara tatu nne, alafu lililobaki unammwagia juu kwenye sinia. Kwa wali wa nazi au mkate wa ajemi, mgeni wako hatakumbuka habari ya nyama.

Hivi vyakula ni vya asili yetu kweli au tumeletewa na Waarabu na Wahindi?

Mpwa wangu wa chuo ndo aliniuliza hili na nilikaa nalo siku nzima. Jina pilau na jina biriani asili yake Uajemi, mkate wa ajemi unajieleza wenyewe, halua ni neno la Kiarabu. Karafuu asili yake visiwa vya Maluku huko Indonesia, Zanzibar imepandwa karne ya 19. Viazi mbatata, nyanya, pilipili, muhogo na mahindi vyote asili yake ni Amerika, vimefika pwani yetu baada ya Wareno kuja, na Vasco da Gama alipita hapa mwaka 1498.

Lakini pia kuna hili. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta aliteremka pwani yetu ya Afrika Mashariki kabla hata ya huyo Mreno, akaja mpaka Mombasa na Kilwa. Akiwa Mogadishu alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, akapewa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa mgando yenye ndimu za achari, tangawizi mbichi na embe. Karibu miaka mia saba iliyopita! Mi nikiweka bakuli la achari ya ndimu pembeni ya sinia la wali nakumbuka hilo. Vitu vililetwa na pepo za kaskazi na kusi, sawa, ila mikono iliyovipika na nazi iliyotiwa ni ya hapa, na bara Hindi ukienda hutapewa pilau kama ya Ngamiani.

Bada je, naweza kuweka Idi?

Kwanini usiweke. Bada, ule ugali wa unga wa muhogo, na mchuzi wa papa au pweza wa nazi siku ya pili ya Idi, wakati matumbo yamechoka mafuta, ndo chakula chenyewe. Mume wangu analisubiri hilo kuliko biriani.

Sahani za majirani nipeleke nyumba ngapi? Na wasio Waislamu?

Bibi yetu alikuwa anahesabu nyumba saba. Mi nafika ninapofika, ila nyumba mbili za kulia na mbili za kushoto hazikosi, na mzee anayeishi peke yake anaanza yeye kabla yetu sisi. Ndo maana nikipima mchele wa Idi nahesabu kwanza sahani zinazotoka alafu ndo wa nyumbani. Mtoto anapeleka imefunikwa kitambaa, anaamkia vizuri, "shikamoo bibi, mama anasema Idi Mubarak", na sahani inarudi na kitu, ndizi, sukari kidogo, chochote. Ikirudi tupu usinune, mwenzio pengine hana.

Majirani Wakristo ndo hasa. Mama wa nyumba ya nyuma yetu ni Mbondei, Krismasi na Pasaka ananiletea pilau, na nyama yake anahakikisha imechinjwa na Muislamu ili na sisi tule, hajawahi kusahau tangu tuhamie. Mtu anakufikiria mpaka kwenye kisu, we utaachaje kumpelekea mkate wa sinia.

Mzee nyumbani ana sukari, apewe nini?

Afuate alivyoambiwa na daktari wake. Mi mama yangu namwekea samaki wa kuchoma, kachumbari nyingi isiyo na chumvi kali, mbaazi, na wali kiasi kidogo kwenye sahani yake nzuri kama ya wenzake, simtengi pembeni. Vitamu anaonja kileja kimoja akitaka yeye.

Chakula kilichobaki kinakaa mpaka lini?

Chenye nazi usikiamini kwenye joto letu. Wali wa nazi uliopikwa mchana ukiachwa nje usiku unachacha, ukisikia unanata na una harufu ya ukali tupa, usiuonee huruma. Pilau na biriani vikipoa tu viingie friji, kesho vipashwe mpaka vitoe moshi, mara moja basi.

Na ukoko?

Ukoko wa pilau ni wa aliyekaa jikoni. Ukishapakua nyunyizia maji vijiko viwili, funika sufuria dakika tano nje ya moto, utabanduka wote kipande kimoja chenye mafuta na vitunguu vilivyoganda. Kwetu tulikuwa tunagawana wale tuliokuna nazi usiku, tumekaa mlangoni na nguo mpya tumeshikilia zisiingie mafuta.